Amboni na kundi la watu 14 wasiowahi kuingia pangoni: tujiandae vipi?

Binti_Ngamiani:
Wakuu, habari za kutwa. Tunakwenda Mapango ya Amboni, Tanga, watu 14. Hakuna aliyewahi kuingia pangoni. Wawili wamevuka miaka 60, mmoja ana pumu. Tuvae nini, na humo ndani tujipange vipi? Wengine wanasema tochi ya simu inatosha.

Kando_ya_Mkulumuzi:
Dada, simu haitoshi. Inakula mkono mmoja, na humo ndani mikono yote miwili ina kazi: kuna mahali mnatambaa, pengine mnapita ubavu. Kila mtu avae tochi ya kichwani na ya pili iwe mfukoni. Usiku wa kabla, ziwasheni zote saa nzima kwenye chumba chenye giza. Za bei rahisi nyingi hufifia baada ya nusu saa. Nyingi hutumia betri tatu ndogo za AAA. Zikichoka, badilisheni zote tatu kwa mpigo, kwa sababu moja kuukuu huzivuta mpya chini. Na anayebadilisha akae chini kwanza, mwenzake ammulikie.

Kofia ngumu iwe na mkanda wa kidevuni, ubane kiasi cha kupitisha vidole viwili tu. Ukilegea, kofia inadondoka mara tu ukiinama, na ndipo kichwa kinapokutana na mwamba. Viatu ni raba zenye meno. Jiwe la chokaa lililosuguliwa na nyayo za wageni, likipata unyevu na kinyesi cha popo, linateleza kama sabuni. Madera na kanga zibaki kwenye gari, suruali ndiyo salama. Mabegi ya mgongoni pia yabaki, yanakwama kwenye njia nyembamba.

Gawaneni saba saba, kila kundi na mwongozaji wake, mpishane nusu saa. Wazee wawe nyuma tu ya mwongozaji ili mwendo uwe wao, na mwenye nguvu afunge msafara. Kila mtu apewe namba. Penye njia panda simameni mpaka mwanga wa aliye nyuma uonekane, mhesabiane kwa sauti, ndipo mwendelee. Atakayebaki peke yake au kuishiwa mwanga asitembee hata hatua moja. Akae, aite.

Daktari_Mlezi:
Mwenye pumu aweke dawa ya kuvuta mfuko wa kifuani, na apate kibali cha daktari wake kabla ya safari. Vumbi la kinyesi kikavu cha popo hubeba kuvu anayeshambulia mapafu; homa na kikohozi huja siku 3 hadi 17 baadaye. Barakoa ya kitambaa haizuii, vaeni N95, barakoa inayochuja vumbi laini. Popo msiwaguse wala kuwakurupusha, na mnawe kwa sabuni kabla ya kula. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa kwa Marburg, ugonjwa wa virusi unaobebwa na popo, baada ya kuingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Yeyote akipata homa ndani ya wiki tatu, neno la kwanza hospitalini liwe "niliingia pangoni".

Binti_Ngamiani:
Asanteni sana. Na mtu akikwama?

Kando_ya_Mkulumuzi:
Asivutwe. Akivutwa anakaza misuli na kujaza kifua hewa, anabana zaidi. Aambiwe kwa upole atoe pumzi yote, kisha arudi alikotoka, sio mbele. Mnapopita penye wembamba, mkono mmoja utangulie, mwingine ulale ubavuni, mabega yanapungua upana. Kabla ya safari kila mmoja atambae chini ya viti vinne vilivyopangwa mstari. Atakayeogopa hapo asishurutishwe. Mwambieni mwongozaji mapema.

Mkazi_wa_Chumbageni:
Mvua ikinyesha usiku kucha, ahirisheni, hasa masika. Chokaa hunywa maji na kuyatema kusikotarajiwa. Na humo kuna mzimu, watu huacha sadaka zao. Msiziguse, msizipige picha bila kumuuliza mwongozaji.