Naombeni ushauri: nimemkosoa mkubwa wangu kazini, sasa hatuongei

Habari zenu wakuu. Nina mwaka wa pili naandika programu kwenye kampuni ndogo hapa Dar. Mfumo wetu unatumiwa na vyama vya akiba na mikopo. Aliyeuandika ndiye aliyenipokea na kunifundisha kazi, namwamkia shikamoo kila asubuhi.

Juzi nimekuta kisanduku cha kumtafuta mwanachama kinachukua chochote ulichoandika na kukibandika moja kwa moja kwenye amri ya SQL, lugha ya kuombea taarifa kwenye hifadhidata. Mwenye nia mbaya anaingiza amri yake pale, anasoma akiba za watu, pengine anazifuta. Nikaandika kwenye grupu la kazi: "Huu msimbo ni hatari, nani kauandika?" Nilikuwa namjua. Tangu hapo anaitikia salamu kwa kichwa tu, na bosi anasema nina kiburi, mfumo unafanya kazi. Tundu bado lipo. Nifanyeje?

Baharia72: Mdogo wangu, tundu umeliona sawasawa. Ila "nani kauandika" halikuwa swali, umemvua mtu mzima nguo mbele ya watoto. Hata Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo wa kompyuta wa Linux, aliyezoea kuwafokea watu kwa misimbo yao, mwaka 2018 aliomba radhi hadharani na kukaa pembeni kwa muda. Kaombe radhi kwanza.

MamaSeva: Aombe radhi, sawa, lakini asinyamaze! Mimi niliwahi kunyamaza kwa kumwogopa rafiki wa bosi. Hela zilihifadhiwa kwa namba za desimali za kukadiria, zile ambazo ukijumlisha 0.1 na 0.2 kompyuta inakupa 0.30000000000000004. Riba zikawa hazilingani na daftari, na aliyewekwa kitimoto ni mhasibu, dada wa watu, siyo sisi. Mpaka leo inaniuma.

FundiWaZiwa: Huku kwetu kuna majina kama Ng'wandu. Mkae wawili tu, mfungue nakala ya majaribio (siyo mfumo wenye hela za watu), umwambie, "Mkubwa, hebu nisaidie kumtafuta Ng'wandu." Ile alama ya juu inakata amri katikati, mfumo unagoma. Ataona mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Na uende na marekebisho tayari: jina lipitishwe kama kigezo, yaani lipelekwe pembeni kama taarifa tu, lisiunganishwe na amri.

MamaSeva: Hiyo nimeipenda. Mleta uzi, usisahau mrejesho.

Mleta uzi: Mrejesho wakuu. Nilimfuata jana baada ya chai, nikaanza na samahani ya yale ya kwenye grupu. Alikaa kimya muda mrefu. Tukaandika Ng'wandu, mfumo ukagoma. Akavuta kiti karibu, akasema, "Watu wa Shinyanga wananipigia simu kwa hili tangu mwaka juzi. Nikawa nawaambia waandike bila hiyo alama." Tumepekua pamoja, tumekuta sehemu nyingine kumi na moja za namna hiyo. Nne tumezimaliza leo, na aliyekwenda kumwambia bosi ni mkubwa mwenyewe.