Mjadala: Nani aamue kitabu kipi kitoke maktaba ya shule?

Wadau, habari za jioni. Naandika kutoka Moshi, kuna jambo linanikera na naomba tulijadili bila matusi.

Nina binti kidato cha tatu, shule moja ya sekondari hapa mjini. Majuzi kwenye kikao cha wazazi, mzazi mmoja alisimama na riwaya ya vijana aliyoikuta kwenye begi la mwanawe, akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembe, akasoma aya moja kwa sauti. Aya inamhusu msichana ambaye baba yake mdogo anamwingilia chumbani usiku. Ukumbi mzima ukaguna. Kesho yake kitabu kikawa kabatini kwa makamu mkuu wa shule, kufuli juu.

Nilikiomba nikakisoma chote. Kurasa chache baada ya aya ile, msichana anamweleza matroni, matroni anampeleka polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na baba mdogo anakamatwa. Sehemu hiyo haikusomwa kikaoni. Na kwenye ukuta wa bweni la shule hiyohiyo kuna bango la simu ya huduma kwa mtoto, 116, linalowahimiza wasinyamaze wakifanyiwa ukatili. Tunawaambia waseme, halafu tunawaondolea hadithi ya mwenzao aliyesema!

Sikatai serikali kuwa na kauli. Februari 2023 Wizara ya Elimu, kupitia Waziri Profesa Adolf Mkenda, ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa hoja ya maadili, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, hadithi za kuchekesha za watoto kutoka Marekani. Binafsi sikuridhika na uamuzi ule, ila angalau orodha ilitangazwa na aliyeamua alijulikana. Cha kwetu kimetoweka bila hata barua.

Na tukumbuke Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Ilitoka 1971, ikazuiwa mashuleni kwa sababu ya mambo ya ngono, kisha baadaye ikaruhusiwa na ikafundishwa darasani. Humo kuna baba anayemchapa binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, akidhani anamlinda, na binti anaharibikiwa akishakuwa mbali na fimbo yake. Kizazi kizima cha wasichana kilikosa onyo lile wakati kilipolihitaji.

Ombi langu: kitabu kisitolewe maktaba mpaka anayekilalamikia na wanaokiamua wawe wamekisoma mwanzo hadi mwisho, na sababu ziandikwe. Mnasemaje?

Mzazi, Pasua: Mleta mada, naomba kutofautiana nawe. Mwanangu aliingia kidato cha kwanza na miaka 13, yuko bweni, namwona likizo tu. Akikutana na aya kama hiyo saa nne usiku, nani yuko pale wa kumweleza? Nyumbani ningekaa naye. Shuleni mwalimu ndiye baba na ndiye mama, akiona kitabu kinamzidi mtoto ana haki ya kukitoa. Siyo kila anayezuia kitabu ni mshamba.

Mdau, Sakina, Arusha: Haya mambo yanatoka nje. Marekani, shirika la PEN America, linalotetea uhuru wa waandishi, lilihesabu matukio zaidi ya 10,000 ya vitabu kuondolewa mashuleni katika mwaka wa masomo 2023–2024. Tusiige.

Mzazi, Pasua: Ya Marekani tuwaachie wenyewe. Mimi nazungumzia mwanangu.

Mwalimu wa maktaba, Arusha: Mimi ndiye ninayepokea maboksi. Shule nyingi hazina fungu la kununua riwaya, tunategemea vitabu vya msaada kutoka nje. Boksi linafunguliwa, vinapigwa mhuri, vinapangwa. Hakuna aliyevisoma! Kimoja kinakuwa cha watoto wa miaka minane, kinachofuata cha watu wazima, vyote rafu moja. Kelele zikitokea, mkuu wa shule anaogopa, anafagia kila chenye picha ya msichana na mvulana kwenye jalada. Mwaka jana niliomba rafu mbili, moja ya kidato cha kwanza na cha pili, nyingine ya kidato cha tatu kuendelea. Niliambiwa kabati hakuna.

Mhitimu wa kidato cha sita, Ngarenaro: Wakubwa, shikamooni. Kitabu kikizuiwa, mnajua kinachotokea? Kurasa zinapigwa picha, likizo zinazunguka kwenye simu. Na inayozunguka ni aya ileile iliyosomwa kikaoni, bila matroni, bila polisi. Kingebaki maktaba wangekisoma chote. Darasani kwetu kuna mwenzetu yalimkuta yanayofanana na hayo. Hakuwahi kumwambia mwalimu yeyote.

Mleta mada: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa huyo mwenzenu.

Ndugu yangu wa Pasua, hoja yako ya bweni ni nzito na naikubali kwa mtoto wa miaka 13. Kwa huyo, rafu mbili za mwalimu wa Arusha zinatosha, na kabati wazazi tunaweza kuchanga, fundi seremala wa Majengo analitengeneza. Lakini binti yangu ana miaka 16. Mwenye baba mdogo wa aina ile anaweza kuwa amelala kitanda cha pili kutoka kwake, na kwake kitabu kile siyo uchafu, ni mara ya kwanza anasikia kwamba kosa siyo lake. Hapo siwezi kurudi nyuma.

Nimeandika barua kwa bodi ya shule. Naomba kitabu kirudi kwa kidato cha tatu na cha nne, na malalamiko yoyote yajayo yaletwe kwa maandishi, yasomwe na watu watano: walimu wawili, wazazi wawili na mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne. Wakiona kitoke, kitoke, na karatasi ya sababu ibandikwe mlangoni maktaba. Mwalimu wa Arusha, kama una utaratibu wa rafu uliouandika, niwekee hapa niuambatanishe kabla ya Ijumaa.