Windows 7 inakataa masasisho ya usalama: kusafisha folda, kusakinisha kwa mkono, au kupiga Windows juu ya Windows?

Bahari_Tulivu ameandika:

Habari zenu wakuu. Nina kompyuta ya Windows 7 yenye Service Pack 1, ya biti 64, ambayo kazi yake ni moja tu: kuendesha skana ya filamu za picha ambayo mtengenezaji wake hakuwahi kuitolea draiva ya mfumo mpya zaidi. Diski ilikufa, nikaweka nyingine na kupiga Windows upya kutoka kwenye DVD ya zamani, na tangu hapo masasisho ya usalama hayaingii. Windows Update hutafuta kwa saa nyingi huku svchost (programu inayoendesha huduma za Windows) ikikaba kichakataji, kisha hutoa msimbo 80072EFE. Nilipolichukua sasisho la Januari 2020 kwa mkono kutoka Microsoft Update Catalog (tovuti ya Microsoft ya kupakulia masasisho), lilipakuliwa bila tatizo lakini likakataa kuingia na kutoa 80092004.

Nimekutana na mapendekezo matatu, na ningependa wenye uzoefu wayalinganishe. La kwanza ni kusimamisha huduma za masasisho na kubadilisha majina ya folda za SoftwareDistribution na catroot2 (ambamo Windows huweka masasisho yaliyopakuliwa na kumbukumbu za sahihi zake) ili zijiunde upya. La pili ni kusakinisha masasisho muhimu kwa mkono. La tatu ni kupiga Windows juu ya Windows bila kufuta programu. Naomba tusiishie kwenye "hamia mfumo mpya", kwa kuwa skana ndiyo sababu ya kompyuta hii kuwepo.

Kokotoo ameandika:

Ningeanza na la kwanza kwa sababu ndilo jepesi na halina hasara. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, simamisha wuauserv, bits na cryptsvc (huduma za masasisho, upakuaji na ukaguzi wa sahihi) kwa amri ya net stop, badilisha jina la SoftwareDistribution iliyo ndani ya C:\Windows pamoja na catroot2 iliyo ndani ya System32, kisha washa huduma zile tena. Mfumo utaunda folda mpya na kuanza kupakua upya. Kitu pekee kitakachopotea ni orodha ya historia ya masasisho inayoonekana kwenye ukurasa, na hata hiyo haiondoi kilichokwisha kusakinishwa. Kama upakuaji ulikatika katikati na kuacha faili bovu, hapo ndipo dawa inapopatikana.

Nanga_Imara ameandika:

Kwa heshima, ndugu Kokotoo, dawa hiyo ni ya ugonjwa mwingine. Folda ya SoftwareDistribution huhifadhi vifurushi vilivyopakuliwa na hifadhidata ya utafutaji. Mwenye mada amepiga Windows juzijuzi kwenye diski mpya, kwa hiyo folda hiyo ina umri wa siku chache tu, na sasisho alilolichukua kwa mkono halikuletwa na Windows Update. Hata akiifuta mara ngapi, atarudi hapohapo.

Misimbo yenyewe inaeleza zaidi. Kwa miaka mingi masasisho ya Windows 7 yalitiwa sahihi ya kidijitali ya SHA-1 (kanuni ya hesabu inayolipa kila faili alama yake ya kulitambulisha), kisha kwa muda yakawa na sahihi mbili, ya SHA-1 na ya SHA-2. SHA-1 ilikwisha kudhoofika. Februari 2017 watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walionyesha mafaili mawili tofauti yenye alama moja ya SHA-1, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuitetea. Kuanzia Agosti 2019 masasisho ya Windows 7 yakawa na sahihi ya SHA-2 peke yake. Windows iliyotoka kwenye DVD ya Service Pack 1 haina uwezo wa kuithibitisha sahihi hiyo kwenye masasisho, kwa hiyo sasisho halali kabisa inaliona kama halina mwenyewe na kulitupa nje. Hiyo ndiyo maana ya 80092004 katika hali yako. Mwaka 2020 nazo seva za masasisho zilizokuwa zikihudumia mashine za SHA-1 zilifungwa, na msimbo 80072EFE maana yake ni kwamba muunganisho na seva umekatwa. Mashine haijaharibika, imechelewa tu, na inakosa vifurushi viwili ambavyo vilipaswa kutangulia.

Kwa hiyo mimi nasimama na pendekezo la pili, kwa sharti moja: mpangilio. Anza na KB3020369 (KB ni namba ambayo Microsoft huipa kila sasisho) ya Aprili 2015, ambayo ni sasisho la injini yenyewe ya kusakinishia. Kisha weka KB3125574, furushi kubwa la mwaka 2016 lililokusanya karibu kila kilichotolewa baada ya Service Pack 1 hadi Aprili mwaka huo. Toleo la biti 64 lina takriban MB 477 na linakataa kuingia bila lile la kwanza. Baada yake weka KB4490628 ya Machi 2019, inayoboresha injini tena, halafu KB4474419 inayoleta uwezo wa SHA-2, na uwashe upya. Ndipo uweke KB4534310 ya tarehe 14 Januari 2020, ambayo ni sasisho la mwisho la kila mwezi lililotolewa bila malipo. Yote yanapatikana Microsoft Update Catalog, nawe hakikisha kila faili lina maandishi x64 katika jina lake, kwa sababu ukichukua la x86 (la biti 32) utaambiwa kwamba sasisho halihusiani na kompyuta yako na utadhani tatizo ni jipya.

Jambo moja linalowakwamisha wengi: ukibofya faili la msu (kifurushi cha sasisho ulichopakua) mara mbili, kisakinishi huanza kwa kutafuta masasisho ndani ya kompyuta, na kwenye Windows 7 iliyopigwa upya utafutaji huo unaweza kukaa hapo usimalizike. Chomoa waya wa mtandao, chagua mpangilio wa kutotafuta masasisho kamwe, washa upya, kisha simamisha huduma ya Windows Update kabla ya kubofya. Mshale utasogea ndani ya dakika chache. Utafutaji ule wa saa nyingi unaokaba kichakataji nao ni ugonjwa wa wakala wa zamani (programu ya Windows inayotafuta masasisho), na ulitulizwa na KB3172605 ya Julai 2016; kwa njia hii ya mkono huenda usiuhitaji, lakini weka akilini kama utarudi kutegemea utafutaji wa kawaida.

Mkaguzi_wa_Logi ameandika:

Nakubaliana na Nanga_Imara kuhusu hali hii, ila nisingependa msomaji mwingine aondoke akidhani kila sasisho linalokataa ni suala la SHA-2. Msimbo ndio unaoamua ni pendekezo lipi lina maana. 80070070 ni diski iliyojaa, na hakuna amri itakayosaidia kabla hujapata nafasi. 80072F8F mara nyingi ni saa ya kompyuta iliyorudi nyuma kwa miaka, jambo la kawaida kwenye mashine kongwe ambayo betri ndogo ya ubao mama imekufa. Vyeti vya seva vinaonekana havijaanza kutumika, na mawasiliano yanakataliwa. Rekebisha tarehe kwanza, na ubadilishe betri. 80240017 ni sasisho lisiloihusu mashine yako, au ambalo kitangulizi chake hakipo.

Msimbo ninaouogopa ni 80073712, unaosema kwamba ghala la mfumo, yaani folda ya WinSxS, lina upungufu au limeharibika. Hapo kusafisha SoftwareDistribution ni kupoteza muda, na kusakinisha kwa mkono nako kutashindwa vilevile, kwa kuwa injini inapotaka kubadilisha faili haikuti kumbukumbu ya faili la awali. Watu hukimbilia amri ya DISM (chombo cha Windows cha kutengeneza mfumo) yenye chaguo la RestoreHealth waliyoisoma kwenye maelekezo ya Windows 8 na 10. Kwenye Windows 7 chaguo hilo halipo. Kinachotumika ni chombo cha KB947821, kijulikanacho kama CheckSUR. Kinaonekana kama sasisho la kawaida, kinachukua muda mrefu, na kikimaliza hakikuambii lolote la maana kwenye kioo. Majibu yako kwenye C:\Windows\Logs\CBS, katika faili la kumbukumbu (logi) la CheckSUR.log, ambamo chini kabisa pameandikwa ni makosa mangapi yameonekana na mangapi yamerekebishwa, pamoja na majina ya vifurushi vilivyokosekana. Idadi hizo mbili zikilingana, rudia sasisho lako. Zisipolingana, majina yale yanakuonyesha ni KB ipi ya kuitafuta.

Amri ya sfc /scannow haina ubaya, lakini hukagua mafaili ya mfumo yanayolindwa, wala haitengenezi orodha za vifurushi. Ikijibu kwamba hakuna kasoro, usichukulie kwamba ghala ni zima.

Zulia_Jekundu ameandika:

Ningependa kulitetea pendekezo la tatu kidogo. Kupiga Windows juu ya Windows kunarekebisha ghala zima kwa pamoja, programu na mafaili yanabaki, na mtu hahitaji kusoma logi hata moja. Unaingiza DVD Windows ikiwa imewaka, unafungua kisakinishi na kuchagua kuboresha badala ya kusakinisha upya. DVD lazima iwe ya toleo lilelile, lugha ileile na biti zilezile, na iwe na Service Pack 1; isiyo nayo itakataa kuishusha mashine iliyokwisha kupanda. Nimeona njia hii ikiokoa kompyuta ambazo CheckSUR ilishindwa kuzitengeneza.

Nanga_Imara ameandika:

Dada Zulia, kwa ghala lililoharibika nakuunga mkono bila kusita, na ningeichagua kabla ya kufuta kila kitu. Kwa mwenye mada haifai. Baada ya kazi hiyo Windows inarudi kama ilivyokuwa kwenye DVD: masasisho yote yaliyowekwa yanaondoka, Internet Explorer inarudi toleo la 8, na uwezo wa SHA-2 haupo. Atakuwa ametumia nusu siku kufika mahali alipo sasa. Njia ya tatu hutengeneza kilichovunjika, ilhali kwake hakuna kilichovunjika.

Mlinzi_wa_Lango ameandika:

Mmelinganisha vizuri namna ya kuingiza masasisho, nami nataka kuongeza kuhusu kinachobaki wazi hata yakiingia. Windows 7 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Januari 2020, na hata mpango wa kulipia wa masasisho ya ziada ulifungwa tarehe 10 Januari 2023. Kwa hiyo KB4534310 itaziba matundu yaliyojulikana hadi siku ile, yakiwemo lile lililotumiwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017 na lile la BlueKeep la mwaka 2019 kwenye huduma ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali. Hayo mawili peke yake yanatosha kuwa sababu ya kuhangaika. Ila matundu yaliyogunduliwa baadaye yatabaki.

Kama skana inaunganishwa kwa USB, basi kompyuta haihitaji mtandao kabisa baada ya masasisho, na hilo ndilo chaguo ambalo lingeniridhisha: picha zitoke kwa diski ya nje. Kama lazima iwe kwenye mtandao wa ndani, zima SMB toleo la 1 (njia ya zamani ya kushirikisha mafaili), funga bandari za 445 na 3389 (za kushirikisha mafaili na za kuiendesha kompyuta kutoka mbali) kwenye ukuta wa moto, na usiitumie kwa barua pepe wala kuperuzi. Chrome iliishia toleo la 109 kwenye mfumo huu. Nimeheshimu ombi la kutopendekeza kuhama, lakini ningejaribu skana hiyo kwenye Linux kupitia mradi wa SANE (programu huria za kuendesha skana), ambao orodha yake ya skana kongwe ni ndefu. Kwa kutumia USB ya majaribio unaweza kujua bila kugusa diski yako.

Bahari_Tulivu ameandika:

Ahsanteni sana. Nimefuata mpangilio wa Nanga_Imara, waya ukiwa umechomolewa na huduma imesimamishwa. Furushi la 2016 ndilo lililochukua muda. Baada ya kuwasha upya, hesabu ya asilimia ilisimama kwa kitambo kirefu hadi nikataka kubonyeza kitufe cha kuzima, kisha ikaendelea yenyewe. KB4490628 na KB4474419 ziliingia bila neno, na lile la Januari 2020 lililokuwa likitoa 80092004 likaingia safari hii. Skana inafanya kazi. Linux niliijaribu kwa USB: skana inaonekana, lakini sehemu ya kusoma filamu haiwaki, kwa hiyo nabaki hapa, na waya wa mtandao utabaki umechomolewa.

Kuna moja limebaki. Kabla ya kuuchomoa waya moja kwa moja nilijaribu pia sasisho la Februari 2020, KB4537820. Lilisakinishwa hadi mwisho, kompyuta ikajiwasha upya, ikasema imeshindwa kusanidi masasisho na inarudisha mabadiliko, na kwenye historia likaandikwa kuwa limeshindwa. Je, ghala limeharibika?

Mkaguzi_wa_Logi ameandika:

Hapana. Sasisho hilo lilikuwa la waliolipia mpango wa ziada. Kifurushi chake hupakuliwa na mtu yeyote na huanza kujisakinisha kama kawaida, lakini hatua ya mwisho hukagua leseni ya mpango huo, na isipoiona hurudisha kila kitu kilivyokuwa. Ndiyo maana kushindwa kwenyewe kunatokea baada ya kuwasha upya, si kabla. Hutaona 80073712 kwenye logi yako, na CheckSUR haitakuwa na cha kurekebisha. Liache lilivyo, na usilijaribu tena.