Laptopu ya Tumbe iko nyuma: nibadilishe vipi jedwali la manunuzi?

msimbo_mjini:
Assalaam alaykum waungwana. Natunza programu ya kununulia mwani. Vituo ni vitatu: Paje, Bweleo, na Tumbe kule Pemba. Kila kituo kina laptopu yenye SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya faili moja. Karani anapima, anaandika, mtandao ukipatikana data inapanda kwenye seva ya PostgreSQL, hifadhidata kubwa, hapa mjini. Paje na Bweleo wako maigresheni ya 6 (kila maigresheni ni faili lenye namba, linalobadili jedwali hatua moja). Tumbe bado wako ya 4, maana mtandao wao unatosha kutuma rikodi, lakini kushusha toleo jipya ni shughuli.

Sasa, jedwali lina kolamu moja tu ya `uzito`. Mwenye mali anataka mbili, mbichi na mkavu, kwa sababu siku hizi mzigo mwengine unanunuliwa mbichi. Mwenzangu anasema nirudi kwenye faili la 0004 nirekebishe mule mule, tusirundike mafaili. Moyo wangu unasita. Na nikibadilisha jina la `uzito` kwenye seva, rikodi za Tumbe si zitakataliwa?

fundi_chake:
Yakhe, faili lililokwishapita usiliguse. Programu nyingi hutazama namba tu. Laptopu ya Tumbe ikiona 4 imeshafanywa, inaruka. Utakuwa na mashine mbili zote zinasema "4" na kila moja ina jedwali lake, halafu uje hapa usiku kutuuliza kwa nini. Flyway, programu ya kuendesha maigresheni, ndio kabisa, huweka alama ya uhakiki ya kila faili na hugoma ukilibadili. Mwambie mwenzako mafaili hayaozi. Andika 0007.

bint_micheweni:
La 0004 limekwisha, lakini la Tumbe bado. Kaka, usibadilishe jina. Kubadilisha jina kunataka mashine zote ziamke na toleo jipya saa moja, na wewe hilo huliwezi.

Anza na seva. Ongeza `uzito_mbichi` na `uzito_mkavu`, zote ziruhusu NULL (yaani kubaki tupu), na `uzito` iache ilipo. PostgreSQL haiandiki jedwali upya kwa kolamu tupu, kazi inakwisha papo hapo. Ila inataka kufuli la jedwali zima, japo kwa nukta. Kama kuna mtu anavuta ripoti ndefu, amri yako itasubiri, na wote waliokuja nyuma yake watasubiri nayo. Weka `lock_timeout`, kikomo cha kusubiri kufuli, ya sekunde chache. Ikishindwa, rudia baadaye.

Kisha seva ipokee sura zote mbili. Toleo jipya la laptopu litume na namba yake ya `PRAGMA user_version`, namba ya toleo ambayo SQLite huitunza ndani ya faili lake. Asiyetuma namba mhesabu wa zamani. Wa zamani akileta `uzito`, pokea, weka pale pale. Wa 7 akileta mbili, weka kwenye mbili. Kufuta `uzito` ni la mwisho kabisa, na siku yake ni pale seva itakapoona hakuna tena anayetuma kwa sura ya zamani. Mwenye mali akikuharakisha, mwache aharakishe.

Na usiende kuwaapdetia Tumbe wakati wa bamvua. Kina mama wako pwani, mzigo unaingia, karani hana hata nafasi ya kukutazama. Subiri maji mafu.

msimbo_mjini:
Ahsante sana dada. La maji mafu sikuliwaza kabisa. Na rikodi za zamani je? `uzito` zote nizimimine kwenye `uzito_mkavu`? Mwani ukikauka hupungua mno, nikizichanganya hesabu za watu zitakuwa vioja.

bint_micheweni:
Usimimine kwa kubahatisha. Tazama bei iliyolipwa kwa kilo: ya mbichi na ya mkavu haziko karibu, kwa hiyo rikodi nyingi zitajitenga zenyewe. Zenye utata ziache NULL kotekote, `uzito` wake ubaki, na umuulize karani. Ana daftari lake, na daftari lile naliamini kuliko skripti yako, usinune.

fundi_chake:
Nyongeza ya upande wa laptopu. Fungua kwa `BEGIN`, ongeza kolamu, panga `user_version = 7` ndani ya muamala huo huo, ndio `COMMIT`. Umeme ukikatika katikati, SQLite inarudi ilikokuwa, na namba inarudi nayo. Kabla ya hapo toa nakala kwa `VACUUM INTO`. Usikopi faili mkono mtupu programu ikiwa wazi, kuna data inaweza kuwa bado imo kwenye faili la pembeni la `-wal`, haijaingia kwenye faili kuu.

Siku ya kufuta `uzito` huko, angalia `select sqlite_version()` kwanza. `DROP COLUMN`, amri ya kufuta kolamu, imeanza 3.35.0, mwaka 2021. Chini ya hapo utaunda jedwali jipya na kuhamisha. Toleo lenyewe tia kwenye flashi, mpe mtu anayepanda boti ya Wete, na karani alinganishe `sha256`, alama ya uhakiki ya faili, na wewe kwa simu kabla hajafungua.