Naombeni ushauri: banda la gemu aliloacha mzee linanifia mikononi (Kaloleni, Arusha)

Fremu Namba 7 (saa 4:12 usiku)
Wakuu habari za usiku. Mimi huwa nasoma na kupita, ila leo nimebanwa.

Nina miaka 34, nipo Arusha. Marehemu mzee wangu alifungua banda la gemu Kaloleni mwaka 1998: TV nne za chogo, PS2 na mabenchi. Waliokulia Kaloleni, Levolosi na Ngarenaro mtakuwa mnalikumbuka. Jumamosi foleni ilifika mpaka kwa muuza mkaa. Mechi moja mia mbili, ukifungwa unampisha mwenzako. Mzee alikuwa na saa ya mezani yenye kengele, ikilia unaweka pedi chini hata kama ndiyo unataka kupiga penalti.

Sasa hivi siku nzima napata vichwa sita, saba. Jana wawili, na mmoja alikuja kuchaji simu. Kodi ya fremu inaisha mwezi ujao. Mama anasema nifunge, dada anataka tuweke saluni. Kuna mtu amenishauri niongeze mashine nyingine ambazo hazihitaji hata mimi kuwepo. Nifunge au niongeze?

Mangi Mstaafu (4:20)
Funga, weka duka. Unga, sukari, mafuta ya kupima. Hakuna mtu aliyewahi kuacha kula.

Nasema hivi kwa sababu nilikuwa na banda umiza Moshi, pale Majengo. Deki moja, jenereta moja. Siku ya mechi ya Arsenal na Man U watu walikaa mpaka juu ya friji. Umeme ukikatika dakika ya 80 usiombe, nilishawahi kutokea dirishani na pesa zangu mfukoni. Ving'amuzi vikaingia kila nyumba, nikabaki na viti. Ila mke wangu nilimpatia pale pale, alikuwa anauza kashata mlangoni. Hadi leo ananidai za mkopo.

Kifodi cha Jioni (4:23)
Huyo dada wa saluni ameolewa?

Fundi Pedi (4:41)
Mdogo wangu, usijilaumu sana. Hata Japani kwenyewe, ambako mashine za *Space Invaders* zilianza kula sarafu mwaka 1978, majumba ya gemu yanafungwa. SEGA walifunga jengo lao moja maarufu pale Akihabara, Tokyo, Agosti 2020. Baadaye biashara yote ya majumba ikaenda kwa kampuni ya Genda, na mwaka 2022 wakaanza kubandua jina la SEGA milangoni.

Watu wanasema ni simu na korona. Ni kweli, lakini kuna jambo watu hawalioni. Gemu la sarafu bei yake ni sarafu yenyewe. Kule mchezo mmoja ni yeni 100 tangu enzi hizo. Kodi ya mauzo ilianza 1989 kwa asilimia 3, ikaenda 5, ikaenda 8, mwaka 2019 ikafika 10. Mashine haijui kuomba yeni 110. Mwenye jumba ndiye anayeimeza hiyo tofauti.

Sasa nikuulize, mzee alitoza mia mbili. Wewe unatoza ngapi leo?

Fremu Namba 7 (4:50)
Mia mbili mkuu. Nilijaribu mia tano nikabaki peke yangu na kengele. Dogo ananiambia kwenye simu ya mama yake anacheza bure. Na kweli, ile *Winning* tuliyokulia nayo sasa inaitwa *eFootball*, unaipakua bure.

Mama Wawili (4:58)
Kaka, mimi nimekwama hapo kwenye "mashine ambazo hazihitaji hata mimi kuwepo". Mashine gani hizo? Za kusaga?

Fremu Namba 7 (5:06)
Ni mashine za kawaida tu dada, za sarafu. Zinaendana na biashara iliyopo. Swali langu lilikuwa kufunga au kuongeza.

Mama Wawili (5:07)
Za taa taa na matunda?

Mama Wawili (5:19)
Nakusubiri.

Fremu Namba 7 (5:26)
Sawa. Ni dubwi, zile mashine za kamari.

Na kusema ukweli zipo tayari, mbili, tangu mwezi wa nane. Kabla hamjanirukia nisikilizeni. Nimeweka pazia. Huku gemu, kule watu wazima. Mwenye mashine anakuja kila Jumatatu anafungua sanduku, tunahesabu, ananiachia fungu langu. Hilo fungu ndilo linalolipa Luku ya zile TV, kwa hiyo ukiangalia vizuri dubwi ndilo linalolinda gemu ya mzee. Nilichotaka kujua ni kama niongeze ya tatu.

Kifodi cha Jioni (5:28)
Pazia 😂😂😂 Chalii yangu umeweka pazia kama kwa mganga.

Mama Wawili (5:35)
Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri, umekuja kuombewa ruhusa. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ni ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 hatakiwi kugusa hicho kitu. Leseni ya hizo mashine umeiona kwa macho yako?

Fremu Namba 7 (5:38)
Amesema karatasi ataleta.

Mzee wa Busara Sakina (5:44)
Vijana mnapenda mteremko. Enzi zetu starehe ilikuwa sinema, Metropole pale mjini, unavaa suruali iliyopigwa pasi ya mkaa, unarudi nyumbani kwa miguu. Hakukuwa na dubwi wala kubeti. Ndiyo maana tulijenga.

Kifodi cha Jioni (5:46)
Mzee mlijenga kwa sababu kiwanja mlipewa.

Tangawizi Imezidi (5:53)
Nimesoma kimya nikaona niulize. Mleta mada anasema mzee alifungua 1998 na PS2. PS2 imetoka Japani Machi 2000. Mzee aliinunua wapi, ndotoni?

Hii ni chai. Akaunti ina wiki mbili, uzi wa kwanza, baba marehemu, kengele, foleni mpaka kwa muuza mkaa. Kesho utamsikia "mwenye mashine" akitangaza hapa dubwi kwa bei poa. Mods, uzi huu uende jukwaa la vichekesho.

Kifodi cha Jioni (5:54)
Nilijua tu. Na dada wa saluni naye hayupo 😭

Fremu Namba 7 (6:10)
Nimechanganya, sina cha kuficha. 1998 alianza na TV mbili na zile gemu za kaseti, kaseti ikigoma unaipuliza. PS2 zilikuja baadaye, nilikuwa darasa la tano.

Tangawizi Imezidi (6:12)
Sukari inaongezwa.

Levolosi Original (6:31)
Tangawizi tulia. Mimi nilichezea pale. Ukuta wa bluu, benchi la kushoto lilikuwa na msumari, limechana kaptula za watu wengi kuliko mbwa wa mtaani. Pedi ya TV ya tatu ilikuwa haipigi kona. Na ile kengele si hadithi, ilinikatisha nikiwa naongoza 2-0 na hadi leo sijasamehe.

Mwanangu, mzee wako alikuwa akikuona na sare saa za masomo anakutoa nje na fimbo, mia mbili yako anaishika, anakurudishia jioni. Ndiyo maana mama zetu walituacha twende. Sasa jibu moja tu: watoto wanavuka pazia au hawavuki?

Fremu Namba 7 (6:58)
Kaka.

Ijumaa alikuja mama mmoja amemshika dogo wake kola. Darasa la sita. Amepewa elfu kumi na tano za mchango wa shule, amezichenji zote mia mbili mia mbili kwa kondakta wa kifodi. Nilikuwa nimetoka kununua vocha. Nilimrudishia yule mama hela yake, zote, kutoka mfukoni kwangu kwa sababu ufunguo wa sanduku sina. Hakugombana. Aliangalia ukutani, akauliza saa ya mzee iko wapi.

Ndiyo nikafungua akaunti... hapana, akaunti nilikuwa nayo. Ndiyo nikaandika.

Mama Wawili (7:03)
Jumatatu akija kufungua sanduku, azibebe.

Fremu Namba 7 (7:09)
Alinipa laki mbili ya kodi mwezi wa nane. Nikimwambia azibebe ataitaka. Halafu ya tatu ameshaishusha, iko nje kwa muuza mkaa imefunikwa turubai.

Levolosi Original (7:15)
Jumatatu ni saa ngapi? Nitapita. Na saa iko wapi kweli?

Fremu Namba 7 (7:21)
Iko kwa mama, chumbani. Mwenye mashine huwa anakuja saa nne asubuhi.

Fundi Pedi (7:30)
Mkuu samahani, hizo TV za chogo ukiamua saluni unaziachia kwa bei gani? Niko Usa River, usafiri juu yangu. Ile ya pedi isiyopiga kona usiitupe.