"Shusha mguu tu"! Yule jamaa wa kwadi atatumalizia vijana

Vumbi_la_Menengai

Wadau, nimetoka pale sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Yule anayepanga kwadi za kuuza, hizi pikipiki za magurudumu manne, kando ya barabara kila asubuhi kama magunia ya viazi vya Molo, zinazong'aa mbele, zilizokufa nyuma.

Kuna kijana pale hajawahi kukalia kwadi tangu azaliwe. Anataka ya kuanzia, ya sport, ya kuendea njia za mashambani na za miinuko. Katolewa ya mashindano, injini ya 450cc. Sawa, njaa ya pesa tunaijua. Lakini kijana akauliza swali la maana kuliko yote yaliyowahi kuulizwa pale: "Ikianza kupinduka nifanye nini?" Jamaa, mahindi ya kuchoma mkononi, wala hakumtazama: "Shusha mguu tu, kama boda."

SHUSHA MGUU.

Angemwambia aruke ndani ya kreta ya Menengai na mwavuli ningemwelewa zaidi. Boda ina gurudumu moja nyuma, katikati, ndiyo maana mguu unaweza kutua pembeni ukaisaidia. Kwadi ina mawili, yametokeza nje, na kila moja liko nyuma tu ya kisigino chako. Ukishusha mguu mashine inatembea, ardhi inauvuta nyuma, meno ya tairi yanadaka kisigino, na tairi la upana wa inchi 10 linaupanda mguu kutoka kisigino hadi tafuni. Nyuma yake kuna mashine ya kilo 180 inayokuja juu yako.

Miguu hukaa kwenye vikanyagio. Mwili ndio unaohama: upande mmoja wa kwadi ukianza kunyanyuka, ulalie upande huo. Ikishashindikana kabisa, ruka upande wa mlimani uiache iende. Na ile 450 haikuwa hata na baa za pembeni zenye wavu, zile zinazozuia mguu usiingie kwenye tairi. Zimeng'olewa. Matundu ya bolti yako wazi, yana kutu. Mtu amezing'oa, halafu anamwambia mtoto wa watu ashushe mguu!

NyundoYaNjoro

Na asidanganywe na ule mng'ao. Plastiki za kwadi hubadilishwa seti nzima kabla chai haijapoa. Kijana arudi na jeki, na akikatazwa kuinyanyua aondoke hapo hapo.

Ainyanyue nyuma, aweke gia huru, azungushe magurudumu huku kijiti kimesimama karibu na ukingo wa rimu. Pengo likifunguka na kufunga, kuna kitu kimepinda. Asogeze kijiti hadi kwenye ekseli yenyewe: ikiyumba hapo ni ekseli, ikitulia ni rimu. Kisha ashike gurudumu la nyuma juu na chini, alitikise. Likigonga, beringi za ekseli zimeisha. Akanyage breki ya nyuma alisukume mbele na nyuma: gurudumu likicheza huku ekseli imetulia, meno ya ndani ya habu yamelika, na habu ikifika hapo haina dawa, ni kununua nyingine. Mbele, mchezo wa juu na chini ni boli jointi au bushi za mikono. Mchezo wa kushoto na kulia ni ncha za fimbo za usukani.

Na injini aikute baridi. Aiguse kwa mkono kabla haijawashwa. Muuzaji anayeipasha moto kabla hujafika anaficha ugumu wa kuwaka.

Kibos_Moja_Kwa_Moja

Mzee wa Menengai, umelia posti nzima na hujasema kijana anunue nini. Mguu, mguu, mguu. Hasira isiyo na ushauri ni honi tu.

Anayeanza achukue Honda TRX250X. Ni 229cc, inapozwa na hewa, ina gia ya kurudi nyuma, na nguvu inafika nyuma kwa shafti, kwa hiyo hakuna cheni ya kutunza. Gia anabadilisha kwa mguu bila kushika klachi. Watu huicheka kwa sababu haikimbii. Kazi ya mwaka wa kwanza si kukimbia.

Kama ni mtu mzito au anataka kukaa na mashine miaka mingi, TRX400EX. Ilianza 1999, lakini gia ya kurudi nyuma ilikuja 2005, kwa hiyo auangalie mwaka kabla ya kuangalia rangi. Suzuki LT-Z400 ya kuanzia 2003 pia ni nzuri, ila inapozwa na maji, na matope meusi ya Ahero yakikaukia kwenye rejeta yanageuka saruji. Inataka kuoshwa kila ikitoka huko, na maji ya taratibu, siyo presha ya kuoshea magari inayolaza mapezi yake yote.

Vumbi_la_Menengai

Nakubali zote tatu. Lakini hamkuiona sura ya yule kijana. Aliitikia kwa kichwa! Ameondoka akiamini!

Na 450 yenyewe acheni niseme. Ni mashine za mashindano. Nguvu yake iko injini ikizunguka kasi, ikizunguka polepole inazimika. Kwenye mawe, mwendo wa mtu anayetembea, anayeanza anaizima kila hatua. Nyingi hazina gia ya kurudi nyuma, na ile ni mojawapo. Sasa mpeleke huyo kijana Riat, izimike katikati ya mlima, ianze kurudi kinyumenyume. Anayejua anaegemea mbele, anakamata breki ya mbele peke yake, anashukia upande wa juu. Akikanyaga breki ya nyuma inamwangukia kifuani. Na yeye ameambiwa nini? Ashushe mguu.

SimbaWaLondiani

Mnaogopa cc bure. Yamaha Raptor 700 ina gia ya kurudi nyuma, inavuta kuanzia chini kabisa, na haina kabureta. Mashine ya kabureta iliyotegewa Mombasa ikifika Nakuru, mita 1,850 hivi, hewa ni nyepesi, petroli inazidi, plagi inajaa masizi meusi na inakohoa. Utabadilisha jeti, kile kitundu kinachopima petroli, mpaka uchoke. Raptor inajipimia yenyewe.

Kibos_Moja_Kwa_Moja

686cc kwa mtu ambaye jana alijifunza kwamba gesi iko kwenye kidole gumba? Ile mashine inapita kilo 190. Ikizimika kwenye mtaro unaitoa na nani? Jeti ni kitu kidogo sana, fundi anayejua kazi anaibadilisha kwa dakika chache. Mfupa wa paja hauna spea.

Klachi_Laini

Huyo wenu ana afadhali. Mimi hasira zangu ni kwa wale wa petroli stesheni. Kwadi inaingia, wanajaza upepo kama wa boda, 28, 30, bila hata kuuliza. Tairi la kwadi ya sport linataka 4 au 5 psi! Likijazwa 28 linavimba katikati kama andazi, linakanyaga kwa mstari mmoja, na kila jiwe linakurusha. Halafu mwenye kwadi analaumu shokamzoba, anaifungua, anaharibu na hiyo. Geji yao yenyewe haiwezi kusoma 4. Mtu anunue geji ndogo ya presha ya chini atembee nayo. Na matairi ya pande mbili yalingane, kwa sababu ekseli ya nyuma ni moja, haina difu ya kuacha magurudumu yazunguke kwa mwendo tofauti. Moja likizidi, mashine inavuta upande njia nzima.

MuwaNaMatope

Upepo unatolewa kwa kijiti, hasara yake ndogo. Mafundi wetu wa boda na filta ya hewa, hao ndio balaa. Wanatoa filta ya sponji, wanaiosha kwa petroli, wanaikausha juani, wanairudisha kavu. Petroli inayeyusha gundi ya mshono. Na sponji kavu haizuii vumbi, linapita kama maji kwenye chekeche. Osha kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, kausha kivulini, paka mafuta ya filta, kamua bila kusokota mpaka iwe na rangi moja kote. Pitisha grisi kwenye ukingo unaokalia kasha.

Kwenye barabara za miwa Muhoroni, ukifuata trela, filta iliyokuwa safi asubuhi ni nyekundu jioni. Anayenunua mashine kuukuu afungue kasha la hewa apitishe kidole ndani ya bomba linaloelekea injini. Kidole kikitoka na vumbi, ringi na silinda zimeshapigwa msasa, asisikilize hadithi. Zile 450 zenye vali za titani ni mbaya zaidi, vumbi linakula ngozi ya juu ya vali, nafasi ya vali inapotea, na asubuhi haiwaki mpaka isukumwe.

NyundoYaNjoro

Sahihi. Na kwa TRX400EX, wanaopima oili injini ikiwa baridi waache. Oili yake hukaa kwenye tangi la pembeni, na ikilala usiku sehemu inashuka kwenye injini. Unapima asubuhi, unaona imepungua, unaongeza, kumbe umejaza kupita kiasi, inatapika kwenye kasha la hewa na kuilowesha hiyo filta. Washa dakika tano, zima, pima papo hapo, kijiti cha oili ukikiingiza tu bila kukizungusha kukifunga.

Vumbi_la_Menengai

Jamani, uzi ulikuwa wa mguu.

Achicha_Cheni

Mguu tumeusikia, boss. Mimi nataka kujua nani aliwapa leseni wauza spea wa hapa Kisumu. Unaomba cheni ya 400EX, unauziwa 428 ya pikipiki ya Boxer, eti "itaingia, ipige tu". 400EX ni 520! Ile ya 428 pini hadi pini ni milimita 12.7, ya 520 ni karibu 15.9. Haiwezi kukaa kwenye meno hata ukiiombea. Ukilazimisha inapanda juu ya sproketi, inakatika, inatoboa kasha la injini.

Klachi_Laini

Na wakipata 520 wanakuuzia isiyo na oringi kwa bei ya yenye oringi. Angalia kati ya bamba na bamba, utaona raba nyembamba ikichungulia. Usipoiona, haina.

Achicha_Cheni

Kwa hiyo yenye oringi inapatikana wapi upande huu?

MuwaNaMatope

Kabla hujaulizia cheni hesabu meno ya sproketi. Ya kiwandani ni 15 mbele na 38 nyuma, lakini wengi wameshabadilisha. Yakiwa yamechongoka kama pezi la papa, nunua sproketi zote mbili pamoja na cheni, la sivyo hiyo mpya itaisha na hizo kuukuu.

Achicha_Cheni

Nyuma naona 40.

MuwaNaMatope

Basi usikate pingili yoyote kwanza. Rudisha kishikilio cha ekseli mbele kabisa, zungusha cheni, ndipo upime.