Injini ya CG 125 haitoi cheche, nimebadilisha CDI mbili. Naomba ushauri

Mrina Asali
Wakuu, habari za jioni. Niko Tabora mjini, Ng'ambo. Nina mizinga porini upande wa Sikonge na kila msimu nauli za bodaboda zinanimaliza, kwenda na kurudi na ndoo za asali. Nikaamua kuunga pikipiki yangu kidogokidogo. Fremu nilipewa na shemeji. Injini ya CG 125 nimeitoa kwa muuza vyuma chakavu, nikaweka ringi mpya, kompresheni ipo: ukipiga kiki mguu unarudishwa.

Shida ni cheche, hakuna kabisa. Wayaringi yote, yaani nyaya za umeme za pikipiki, niliitoa kwenye pikipiki nyingine ya 150 iliyopata ajali. Nimeweka koili mpya, plagi mpya, CDI mpya (kile kikopo kinachoipa koili umeme wa cheche), kisha CDI nyingine tena. Fundi wa kwanza kasema stata, zile koili za kuzalisha umeme kwenye injini, imekufa, wa pili kasema magneti, sumaku inayozizunguka, imeisha nguvu. Hela iliyobaki inatosha CDI moja tu, na hata betri ni ya kuazima. Nianzie wapi?

Fundi Isevya
Kaka, usinunue kitu kwanza. Fungua soketi ya nyaya zinazotoka kwenye injini, utuambie rangi. Na hizo CDI, ulimwonyesha muuzaji nini?

Mrina Asali
Mkuu, nyaya ni tano: mweusi wenye mstari mwekundu, bluu wenye mstari mweupe, kijani, njano na mweupe. Dukani nilipeleka CDI iliyokuja na wayaringi, wakanipa inayofanana nayo, soketi inaingia vizuri. Ule mweusi wenye mstari mwekundu haukuwa na mwenzake upande wa wayaringi, nikaufunga nailoni.

Fundi Isevya
Huo ulioufunga nailoni ndio chakula cha CDI ya injini yako.

CDI ziko za namna mbili. Ya DC inakula volti 12 za betri kupitia swichi ya ufunguo, halafu yenyewe ndani inazipandisha. Ya AC haina habari na betri. Kwenye stata kuna koili yake peke yake, ya waya mwembamba sana, mara nyingi imeviringishwa tepu wakati zile za taa na chaji ziko wazi. Koili hiyo inatoa umeme mkubwa, zaidi ya volti 100 magneti ikizunguka, na unapita kwenye huo mweusi wenye mstari mwekundu. Injini yako ni ya AC, wayaringi uliyoibeba ni ya DC. Vikopo vinafanana kwa sura, ndiyo maana watu wengi wanapoteza hela hapa.

Dada Waya
Kabla hujaenda dukani, pima. Mita iweke 2000 upande wa omu. Ncha moja kwenye mweusi wenye mstari mwekundu, nyingine kwenye kijani, ambao ni wa bodi, yaani chuma cha pikipiki: ukisoma mia kadhaa, koili nzima. Ikibaki 1 peke yake upande wa kushoto, imekatika. Ikikaribia sifuri, imeungua. Kisha bluu wenye mstari mweupe kwa kijani, hiyo ni pulsa, inayoiambia CDI saa ya kupiga. Nayo isome mia na kitu. Injini ikishawaka na kupata moto, rudia kupima, kuna koili inayopima vizuri ikiwa baridi halafu ikipata joto inakata.

Mzee wa Urambo
Mimi ningemshauri abaki na DC na anunue betri. Taa zinatulia, na hategemei koili ile ambayo ikiungua kuisuka upya ni kazi.

Fundi Isevya
Shikamoo mzee. Kwa mtu wa mjini nakubali. Huyu analala porini na mizinga, betri ikifa huko atasukuma. AC anapiga kiki anaondoka.

Mzee wa Urambo
Marahaba. Hapo kweli.

Mrina Asali
Nimepima: 380 na 160. Nimepata CDI ya AC, nimefuata waya mmoja mmoja. Plagi nimeilaza juu ya silinda hedi, kiki ya kwanza cheche ya bluu, inasikika ta! Niliita watoto waje waone. Ila nikiunganisha waya wa kuzimia, mweusi wenye mstari mweupe, cheche inapotea.

Dada Waya
Hongera sana. Swichi yako ni ya DC, inafanya kinyume. Kwenye AC unazima kwa kuupeleka huo waya kwenye bodi. Usiuguse na waya wa betri kamwe. Tafuta swichi ndogo ya kuwasha na kuzima, upande mmoja huo waya, wa pili kijani. Ikifunga injini inazima, ikiachia inawaka. Na usipige kiki plagi ikining'inia bila kugusa chuma, utaua CDI.

Mrina Asali
Imewaka! Nimeweka swichi ya taa ya kitandani, inazima vizuri. Kesho naweka breki ya nyuma.